Bukavu: saa inasimama, garanti haivuki Ruzizi

Mjini Bukavu saa ya mkono si pambo tu. Muuguzi anaihitaji ili ahesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa, kwani mshale wa sekunde ndio unaomwambia kama ni 70 ama 110 kwa dakika. Mwalimu anaitazama ili ajue wakati wa kubadilisha somo, hasa siku ambazo umeme umekatika tangu jana na simu imezima. Ndiyo maana saa mpya inaposimama miezi mitatu baada ya kununuliwa, na aliyeiuza hapokei tena simu, hasira ya mnunuzi haitokani na dola 30 ama 40 peke yake. Alinunua kitu cha kazi, akapewa ahadi, na sasa hajui ahadi hiyo aidai kwa nani.

Malalamiko hayo hayahusu sana saa za bei ya chini zinazotembezwa mikononi mwa wachuuzi kunako soko la Kadutu ama pembeni ya Nyawera. Anayenunua saa ya faranga elfu chache anajua anachonunua, na ikimfikisha mwaka anashukuru. Tatizo liko daraja la juu kidogo: saa za chapa ndogo ndogo, zinazouzwa kwa picha nzuri kwenye WhatsApp na Facebook, ndani ya boksi gumu, pamoja na kadi iliyoandikwa garanti ya mwaka mmoja ama miwili. Jina la saa ni la Kizungu, na hakuna fundi wa mjini aliyewahi kulisikia. Komisioneri anaichukua oda, anaiagiza Kigali, Kampala, Dubai ama Guangzhou, anapokea pesa kwa Airtel Money ama M-Pesa, kisha anakabidhi mzigo. Kadi ya garanti ina nafasi ya muhuri wa duka, lakini mara nyingi nafasi hiyo ni tupu.

Chapa ndogo si lazima iwe ya wezi. Kampuni nyingi za namna hiyo hazitengenezi mashini ya saa zenyewe. Zinanunua mashini iliyo tayari kutoka Miyota, ambayo ni ya Citizen ya Japani, ama kutoka Seiko, ama kwa viwanda vya China. Kisha zinaagiza ganda, kioo na mkanda katika viwanda vya watu wengine, zinaweka jina lao kwenye uso wa saa na kuuza. Hakuna ubaya hapo, na mashini hizo za Kijapani zinaaminika duniani kote. Udhaifu unakuja baadaye. Kampuni inayoagiza saa mia chache za aina moja haina sababu ya kuweka stoki kubwa ya vioo, vifungo na vifuniko vya ziada. Zikiisha kuuzwa, inatoa aina nyingine. Mwenye saa ya zamani aliyevunja kioo chenye umbo la pekee atazunguka Bukavu nzima bila kukipata, na hata huko kilikotoka saa yenyewe huenda hakipo tena.

Kuna pia mambo ambayo muuzaji hayasemi, pengine kwa sababu yeye mwenyewe hayajui. Saa ya betri inaongozwa na kipande kidogo cha jiwe la kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kila sekunde. Iliyo nzima hukosea kwa kawaida sekunde 15 hadi 20 kwa mwezi, basi. Inayochelewa dakika mbili kwa wiki ina kasoro, ama betri yake inakwisha. Na betri kukwisha upesi katika saa mpya si ajabu: betri ya kawaida hudumu miaka miwili hivi ama mitatu, lakini inaanza kutumika siku ilipowekwa kiwandani. Saa iliyokaa mwaka mmoja na nusu ikitembea ndani ya boksi, dukani na njiani, inamfikia mnunuzi ikiwa na betri ya kizee. Mnunuzi anaona saa mpya imekufa na kulaani chapa, wakati shida ni ya dola moja ama mbili.

Maji nayo yanaleta ugomvi kila mara. Nyuma ya saa imeandikwa mita 30, na kijana anaruka nayo ndani ya Ziwa Kivu akijua kabisa kwamba hatafika mita 30 chini. Anatoka na ukungu ndani ya kioo. Maandishi hayo hayamaanishi anavyodhani. Ni kipimo cha shinikizo la bar 3 katika maabara, saa ikiwa imetulia, na maana yake ya kila siku ni kwamba saa inavumilia mvua na kunawa mikono. Anayetaka kuogelea anahitaji angalau mita 50, na afadhali 100. Muuzaji aliyesema kwamba saa haiingii maji hakusema uongo kamili, lakini kampuni itakataa dai hilo siku hiyo hiyo.

Mtego mbaya kuliko yote unaanzia kwa fundi. Betri imekwisha, garanti bado ina miezi minane, na muuzaji hapatikani. Mwenye saa anaipeleka kwa fundi mwenye kimeza chake kando ya barabara. Fundi anafungua kifuniko, anaweka betri, saa inatembea. Lakini chini ya kifuniko kuna mpira mwembamba unaozuia maji, na huo unapaswa kukaguliwa, kupakwa mafuta yake ama kubadilishwa. Wengi hawana mpira wa saizi hiyo. Tangu siku hiyo saa haina kinga ya maji tena, na garanti pia imekufa, kwani karibu kadi zote zinasema kwamba saa ikifunguliwa na mtu asiyeruhusiwa na kampuni, ahadi inavunjika. Na aliyeruhusiwa na kampuni hayuko Bukavu. Hayuko Goma wala Uvira pia. Kwa chapa nyingi ndogo hayuko hata Kinshasa. Kwa maneno mengine, garanti hiyo inamtaka mkaaji wa Kadutu asubiri fundi ambaye hayupo, ama aitumie saa ikiwa imesimama.

Kuirudisha ilikotoka ndilo jibu lililoandikwa kwenye kadi. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Posta ya serikali, SCPT, si njia ambayo wengi wangeikabidhi saa yao. Kampuni za usafirishaji wa kimataifa zinafanya kazi vizuri, lakini gharama ya kifurushi kimoja inaweza kuzidi bei ya saa yenyewe, na kadi nyingi zinasema usafiri ni juu ya mteja. Inabaki kumkabidhi mtu anayevuka Ruzizi kwenda Kamembe, kisha basi la Kigali. Na saa ikirudi ikiwa imetengenezwa, bila karatasi ya kuonyesha kwamba ilitoka kwa ajili ya matengenezo, inaweza kuhesabiwa mpakani kama bidhaa mpya na kutozwa ushuru mara ya pili.

Hali ya mji tangu mwaka 2025 imeongeza uzito. Waasi wa AFC/M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu tarehe 14 Februari 2025, na mji wenyewe siku mbili baadaye. Njia ya ndege kwenda Kinshasa ilikatika. Benki zilifunga milango, na pesa taslimu zikawa adimu. Kurudishiwa pesa na kampuni ya mbali, jambo ambalo kwingine hufanyika kwa kadi ya benki, hapa kunahitaji mtu wa kati na tume yake. Kuna familia ambazo mshahara wao unapita kwenye simu, na kila kuutoa kuna makato. Katika hali hiyo, saa ya dola 40 iliyokufa si hasara ya kuchekwa.

Sheria ipo, tena ya zamani. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado ni sehemu ya sheria ya kiraia ya Kongo, inamwajibisha muuzaji kwa kasoro zilizofichika: mnunuzi anaweza kukirudisha kitu na kudai pesa zake, ama kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei, mradi achukue hatua bila kuchelewa. Haijalishi kama kuna kadi ya garanti ama hakuna. Na jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba mwenye wajibu ni yule aliyeuza, si kiwanda cha Guangzhou. Komisioneri anayejibu kwamba yeye ni njia tu anaweza kuwa na haki ikiwa kweli alitumwa na mnunuzi kumnunulia. Lakini kama alinunua mwenyewe, akaweka faida yake na kuuza, yeye ndiye muuzaji. Kwa mauzo ya mtandaoni, Kinshasa iliongeza Kodi ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayogusa pia biashara ya kielektroniki. Ukaguzi wa ubora wa bidhaa zinazoingia ni kazi ya OCC, ofisi iliyoundwa mwaka 1974.

Ila nani leo atampeleka nani kortini Bukavu kwa ajili ya saa? Mahakama za serikali hazifanyi kazi kama zamani, mipaka na ushuru viko mikononi mwa utawala mwingine, na hata zamani hizo OCC ilikagua makontena na malori, si saa 20 zilizofungwa ndani ya sanduku la nguo. Saa ni kitu kidogo. Kinapita.

Kuwa na mji wenye amani na posta nzuri hakutoshi pia, kama chapa yenyewe ni nyepesi. Pebble, saa ya kisasa ya Marekani, ilichangiwa mwaka 2012 na watu karibu 69,000 kwa zaidi ya dola milioni 10 kwenye jukwaa la Kickstarter. Iliuza saa zaidi ya milioni mbili. Mnamo Desemba 2016 ikafunga, ikanunuliwa na Fitbit, na wateja wakatangaziwa kwamba garanti imekwisha, hata kwa waliokuwa wamenunua muda mfupi kabla. Waliolipia saa ambazo hazijatengenezwa waliahidiwa kurudishiwa pesa zao. Waliokuwa na saa mkononi iliyoharibika walibaki nayo.

Karibu na hapa kuna kisa cha Mara Phone. Oktoba 2019 kampuni hiyo ilizindua kiwanda Kigali na kingine Durban, Afrika Kusini, kwa shangwe za marais wa nchi zote mbili. Simu zake, Mara X na Mara Z, ziliuzwa kwa dola 130 na 190 hivi, na zilitangazwa kama simu za Afrika. Kwa mtu wa Bukavu, kiwanda cha Kigali kilikuwa umbali wa siku moja ya basi, jambo ambalo hakuna chapa ya China ingeweza kujivunia. Kufikia mwaka 2022 kiwanda cha Durban kilikuwa kimewekwa mnadani kwa sababu ya madeni. Wakati huo Transsion, yenye Tecno, Itel na Infinix, ilikuwa imetandaza vituo vyake vya matengenezo, Carlcare, katika nchi nyingi za Afrika. Simu zake zina kasoro zao, lakini kioo chake kinapatikana.

Hapo ndipo tofauti ilipo kwa mnunuzi. Chukua Casio F-91W, saa ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na ambayo bado inatengenezwa. Haina sura ya harusi, ni kweli. Betri yake hudumu miaka saba hivi, na fundi yeyote anaijua kwa kuigusa. Ubaya ni kwamba imeigwa kuliko karibu saa yoyote. Jaribio moja la haraka ni kushikilia kitufe cha kulia kwa sekunde tatu: ya kweli huandika jina la Casio kwenye kioo. Si ushahidi kamili, lakini muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu.

Kwa saa za chapa ndogo, mafundi ndio wanaobeba huduma baada ya mauzo, bila kulipwa na chapa yoyote. Kama mashini iliyo ndani ni ya Miyota ama Seiko, fundi mwenye ujuzi anaweza kuibadilisha nzima, tena mara nyingi kwa bei ndogo kuliko ya kuituma saa ng'ambo. Kwa hiyo swali la maana dukani si urefu wa garanti bali ni mashini gani iko ndani. Muuzaji anayejua atajibu mara moja. La pili ni betri: iwekwe mpya mbele ya mnunuzi, kabla ya kulipa, na mpira ukaguliwe wakati huo huo. La tatu ni fakture yenye jina, namba ya simu, tarehe na bei, hata ikiandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Bila hiyo, amri ya 1888 haina pa kushika.

Wauzaji nao wana hesabu yao. Anayeleta saa kumi na kupata faida ya dola tano kwa kila moja hawezi kurudisha dola 40 kwa mteja mmoja bila kupoteza faida ya wanane, na huko alikonunua hakuna atakayemrudishia yeye. Wachache waliolielewa hilo wanauza ghali kidogo na kubaki na saa moja ama mbili pembeni kwa ajili ya kubadilisha. Hawana boksi zuri kuliko wengine, wala kadi ya garanti. Wana kiti kile kile, mahali pale pale, na mteja aliyenunua Januari anawakuta Septemba.