Pikipiki mpya inakula shamba la familia: tupige hesabu kabla ya kuuza ng'ombe

Kuna hamu moja ambayo imewashika vijana wengi wa Masisi na Walikale: kununua pikipiki mpya, ile inayotoka kwenye katoni na kufungwa vipande mbele ya macho ya mwenye kuinunua. Ili kuipata, mmoja anauza ng'ombe wawili wa baba yake. Mwingine anauza kipande cha shamba. Mwingine anachukua deni kwa mfanyabiashara na kuahidi kulipa kila wiki. Wazazi wanakubali kwa sababu wanasema: mtoto amepata kazi.

Sisi tunasema wazi kwamba kwa familia nyingi za hapa kwetu huo ni ununuzi wa hasara. Na hasara yenyewe haingojei ajali wala wezi. Inaanza siku ile ile pikipiki inapotoka dukani.

Jaribu tu. Nunua pikipiki leo asubuhi, kisha jioni umwambie jirani akununulie kwa bei ile ile. Hatakubali. Atakuambia imekwisha kutembea. Pikipiki ni ileile, injini ni ileile, lakini jina "mpya" limeondoka, na jina hilo ulililipia kwa dola. Waliomaliza shule katika sehemu ya biashara walifundishwa kuandika kila mwaka kiasi ambacho mashine imepungua thamani. Sisi wengine hatuandiki kitu. Tunahesabu pesa ya siku tu: leo nimepata kiasi fulani, nimenunua esanse, iliyobaki ni faida. Hapana, iliyobaki si faida yote. Sehemu yake ni pikipiki yenyewe, unayoila kidogo kidogo bila kujua. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hesabu ya mfano

Tuweke hesabu hapa. Hizi ni namba za mfano tu, kila mtu aweke bei anayoikuta sokoni kwake. Tuseme pikipiki mpya ni dola 1.400. Baada ya mwaka mmoja wa kubeba watu na mizigo kwenye barabara zetu, ukitaka kuiuza utapewa labda dola 800. Umepoteza 600. Kama umefanya kazi siku 300 katika mwaka huo, basi kila siku ulitoa dola 2 bila kuziona, kabla ya esanse, kabla ya chakula, kabla ya bariera.

Sasa tumtazame yule aliyenunua ya okazyo, yaani pikipiki iliyokwisha kutumiwa, kwa hizo dola 800. Baada ya mwaka anaiuza 550. Amepoteza 250. Tukubali kwamba alitengeneza mara nyingi zaidi kuliko mwenzake, tumwongezee dola 150 za fundi na vipuri. Jumla ni 400. Hiyo ni kama dola 1 na senti 33 kwa siku. Na tangu mwanzo alibaki na dola 600 mkononi, ambazo mwenzake alizifungia kwenye mashine.

Mwenye deni ndiye wa kulia. Pikipiki ya dola 1.400 anaichukua kwa 1.800, kwa sababu mwenye kukopesha naye anataka faida yake. Mwisho wa mwaka amemaliza kulipa, anapiga makofi, anasema sasa ni yangu. Ni kweli ni yake, lakini anayo mashine ya dola 800 aliyoilipia 1.800. Dola 1.000 zimekwenda. Ni zaidi ya dola 3 kila siku ya kazi. Motari wangapi wa Masisi Centre, wa Nyabiondo au wa Mubi wanalala na dola 3 za faida safi kila siku, mvua na jua? Kila motari ajijibu mwenyewe.

Barabara yetu haina huruma na kitu kipya

Wengine watasema: lakini pikipiki mpya haiharibiki. Hiyo ni kweli mahali penye lami. Sisi tunatoka Sake tukipanda Mushaki, tunapita Bihambwe na Lushebere hadi Masisi Centre, kisha Nyabiondo, Kashebere na Kibua tukielekea Walikale. Ni mawe, milima na matope. Wakati wa mvua motari anashuka na kusukuma pamoja na abiria wake. Mnyororo unakatika, pine zinaisha, springi za nyuma zinalegea, na mara nyingi nyuma kuna watu wawili na gunia juu. Jiwe halitofautishi pikipiki ya mwezi mmoja na ya miaka mitatu. Tofauti ni kwamba ile mpya ikianguka inaanguka na dola nyingi zaidi.

Halafu kuna bariera. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS ya Ubelgiji na DIIS ya Denmark walitoa ripoti juu ya bariera za Kivu zote mbili. Walihesabu 798, na kati ya hizo 312 zilikuwa hapa Kivu ya Kaskazini. Hiyo ni kabla ya vita ya miaka hii. Kila anayesafiri anajua hali ya leo. Mwenye silaha akiona pikipiki inayong'aa anajua kwamba mwenyewe ana pesa, au anatoka kwenye familia yenye pesa, na jetoni inapanda bei. Mwenye pikipiki ya matope na kiti kilichoshonwa analipa pia, lakini hatamaniwi sana.

Na vita vyenyewe? Rubaya ilitekwa mwishoni mwa Aprili 2024. Januari 2025 zikafuata Masisi Centre, Sake na Goma. Machi 2025 M23 wakaingia Walikale, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Goma benki zilifunga milango Januari ile. Kwa mwenye pikipiki maana yake ni rahisi kuelewa: barabara ikifungwa, pikipiki inalala, lakini deni halilali. Na pikipiki iliyolala nayo inaendelea kushuka bei. Na siku ukilazimika kuiuza haraka ili familia ikimbie, mnunuzi anaona haraka yako usoni na kutoa bei anayotaka.

"Lakini hata ng'ombe wanaporwa"

Hili ndilo jibu tunalopewa kila mara, na ni jibu zito. Wazazi wanasema: ng'ombe nikimwacha malishoni atachukuliwa na watu wenye bunduki, heri nimgeuze pikipiki ambayo kijana anaweza kuikimbiza. Hatuwezi kuwacheka. Masisi inajulikana hadi Kinshasa kwa maziwa na fromaji yake, na ni wafugaji hao hao ambao wamechukuliwa mifugo yao bila kulipwa hata makuta moja.

Lakini tufikiri vizuri. Pikipiki nayo inaporwa, tena inaporwa ikiwa na esanse ndani, tayari kuondoka. Kama hofu ni wizi, dawa yake ni kutoweka mali yote katika kitu kimoja. Ukiuza ng'ombe wawili kwa ajili ya pikipiki mpya, umetoka hatari moja na kuingia nyingine, na njiani umeacha pesa dukani. Ukiuza mmoja ukanunua ya okazyo, na yule wa pili ukamhamishia kwa ndugu mahali penye utulivu, angalau mmoja akipotea mwingine anabaki. Ng'ombe jike, amani ikirudi hata kwa miezi michache, atazaa. Pikipiki haijawahi kuzaa.

Na shamba ni jambo baya zaidi. Ardhi ilikuwa moja ya sababu za vita vya 1993 vilivyoanzia Ntoto, huko Walikale, na hadi leo ardhi ndiyo inayojaza kesi kwa watemi wetu. Shamba likiuzwa hapa kwetu halirudi. Aliyelinunua ataweka miti au ng'ombe, na baada ya miaka mitano watoto wako watamwomba ruhusa ya kulima mahali ambapo nyanya yao alipanda maharagwe. Wakati huo pikipiki itakuwa chuma nyuma ya nyumba, imetolewa vipuri kimoja kimoja. Tena mara nyingi mama aliyelima shamba hilo miaka yote hakuulizwa. Aliambiwa tu jioni kwamba mtoto amepata kazi.

Wengine wamekwisha kutuonyesha njia

Magari mengi yanayotembea Goma, na katika Afrika Mashariki yote, yalitumika kwanza Japani. Kenya inaruhusu kuingiza gari lililotumika ikiwa halijapita miaka 8. Wanaoyanunua hawakosi macho ya kuona gari jipya. Wanajua kwamba Mjapani amekwisha kulipa ile sehemu ya bei inayoanguka haraka, nao wanaanza pale ambapo kuanguka kumepungua mwendo. Hata Ulaya, ambako kijana anatamani gari dogo lenye mbio kama Golf GTI, wazazi wanamwonya kwamba gari jipya linapoteza sehemu kubwa ya bei yake mwaka wa kwanza. Lakini kijana huyo ana mshahara wa mwezi, ana lami, na gari likiibiwa asiransi inamlipa. Sisi tunaiga hamu yake bila kuwa na kinga yake.

Na hatuna haja ya kwenda mbali. Tuangalie tshukudu yetu. Ni mbao, imebeba viazi na makala kutoka milima ya Masisi hadi Sake na Goma, na Goma waliijengea sanamu. Mwenye tshukudu hakuinunua ili aonekane. Aliinunua kwa kazi, anaitengeneza mwenyewe, na hajui deni la kila wiki. Hatusemi turudi kwenye tshukudu. Tunasema turudi kwenye akili ya mwenye tshukudu.

Ni nani basi anunue mpya?

Tusiwe watu wa kukataza tu. Pikipiki mpya inamfaa mtu ambaye pesa yake ni akiba yake mwenyewe, hana deni, hajauza shamba, na ataitumia miaka minne au mitano bila kuibadilisha. Huyo hasara ya mwaka wa kwanza anaigawanya katika miaka mingi, na anajua jinsi injini ilivyotunzwa tangu siku ya kwanza. Lakini anayenunua mpya ili baada ya mwaka aiuze anunue nyingine inayong'aa zaidi, huyo anafanyia kazi duka.

Kwa wengine wote, tunashauri hivi. Msinunue ya okazyo gizani. Nendeni na fundi mnayemwamini, aiwashe ikiwa baridi, asikilize injini, aangalie moshi, mafuta na fremu kama haikuwahi kuvunjika na kuchomelewa. Namba iliyoandikwa kwenye fremu ilingane na ile ya karatasi. Mwuzaji awe mtu anayejulikana, na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi, nyumbakumi awe mmoja wao. Pikipiki ya bei ya chini sana isiyo na karatasi muiache, kwani kuna mtu mahali fulani analia kwa ajili yake.

Pesa iliyobaki isikae mfukoni. Vikundi vya AVEC vipo, mama zetu wamevijenga kwa sarafu za kila wiki. Motari aweke humo kila wiki ile dola 1 na kitu kwa siku ambayo pikipiki inapoteza. Siku pikipiki inapochoka, atakuwa na sehemu kubwa ya bei ya nyingine, na hataangalia tena shamba la baba yake kwa jicho la mwuzaji.

Kwa wafanyabiashara wanaokopesha, tunawaomba jambo moja: mwambieni mteja bei yote atakayolipa hadi mwisho, si bei ya wiki tu. Dola 35 kwa wiki inasikika ndogo, 1.800 haisikiki ndogo.

Na kwa wenye mamlaka, yeyote anayeshika barabara leo: kila jetoni mnayotoza na kila shimo mnaloliacha linapunguza mali ya raia. Mnachukua pesa za barabara na barabara haitengenezwi. Kijana anayeuza shamba ili apate kazi hafanyi hivyo kwa upumbavu, anafanya hivyo kwa sababu hakuna kazi nyingine. Toeni bariera, tengenezeni barabara, na hata pikipiki kuukuu itadumu.

Lakini tusingoje hayo yatimie ndipo tuanze kuhesabu. Wiki hii, katika nyumba ambamo kuna mazungumzo ya kuuza ng'ombe au shamba, kalamu na karatasi ziwekwe mezani. Baba, mama na kijana wakae pamoja. Waandike bei ya kununua, bei ya kuuza baada ya mwaka, na tofauti yake waigawanye kwa siku za kazi. Kama motari hawezi kuipata pesa hiyo kila siku na bado akala, basi shamba lisiuzwe.