Umaskini Hauanzi Shambani

Likitajwa suala la umaskini katika nchi zinazoendelea, wengi wetu hukimbilia kumlaumu maskini mwenyewe: hajasoma, hajitumi, hana mipango. Katika toleo hili tunaipinga hoja hiyo, na ushahidi wetu ni korosho. Zao hili linalimwa na wakulima wadogo kusini mwa Tanzania, linauzwa ng'ambo na kuliingizia taifa fedha za kigeni. Hata hivyo, kaya nyingi zinazolilima hazijaiaga dhiki.

Tuanze na historia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Je, wakulima wa wilaya za kusini kama Newala na Masasi waligeuka wavivu wote kwa pamoja? La hasha. Operesheni ya serikali ya kuwakusanya watu vijijini iliwahamishia mbali na mikorosho yao, bei waliyolipwa haikutosha kugharimia palizi, na ugonjwa wa ubwiri unga ukayakausha maua. Uamuzi ulifanyika ofisini, hasara ikaenda shambani.

Baadaye bei ilipotengemaa, salfa ya kuzuia ubwiri unga ikapatikana na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wakasambaza miche bora, wakulima walewale walivuna zaidi ya tani 300,000 msimu wa 2017/18. Kisha, mwaka 2018, sheria ikafuta mgawo wa ushuru wa korosho ghafi uliokuwa ukirudi kuhudumia zao. Msimu wa 2018/19 wakulima walizikataa bei za mnadani, na serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wengi walisubiri malipo yao kwa miezi. Asiyelipwa hanunui salfa, na mkorosho usiopuliziwa hauzai vizuri. Misimu kadhaa iliyofuata mavuno yalibaki chini ya yale ya 2017/18.

Ugumu wenyewe uko kwenye kalenda ya mkulima. Mavuno makubwa huanza Oktoba. Januari shule zinafunguliwa. Februari na Machi chakula kinapungua ghalani. Kuanzia Mei na Juni dawa inatakiwa shambani. Katika miezi hiyo mikavu ya fedha ndipo hubisha hodi mfanyabiashara wa kangomba, akiwa na noti mkononi. Anakopesha leo ili alipwe korosho msimu ukifika, kwa kipimo anachokichagua yeye na kwa bei ya kutupa. Mama mwenye mtoto mgonjwa hana nafasi ya kungoja mnada. Gunia linahesabiwa kuwa la mtu mwingine hata kabla ua halijafunguka. Serikali imepiga marufuku kangomba mara nyingi, nayo haifi, kwa sababu katazo halilipi karo wala halinunui unga.

Huo ni uvujaji wa kwanza wa thamani. Upo na wa pili, mkubwa zaidi. Sehemu kubwa ya korosho yetu huondoka ikiwa ndani ya ganda lake, kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa takriban kilo moja ya korosho safi, kwa hiyo tunalipia hata usafirishaji wa maganda. Mafuta ya ganda, yanayotumika kutengenezea rangi na breki za magari, nayo yanakwenda hukohuko pamoja na ajira za wabanguaji. Si kwamba hatukujaribu: tulijenga viwanda 12 kwa mikopo ya nje, vikubwa, vyenye mitambo ya gharama, na vingi vilikamilika wakati mavuno yakiporomoka. Vikafungwa, vingine vikageuzwa maghala. Jirani zetu wa Msumbiji walipitia machungu mengine. Katika miaka ya 1990 walishinikizwa na Benki ya Dunia kupunguza kodi ya korosho ghafi inayouzwa nje, viwanda vyao vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Baadaye walirudisha kodi ya juu kwa sheria, na viwanda vidogo vikainuka tena Nampula.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyama vya msingi vya ushirika viwezeshwe kumkopesha mwanachama kati ya Januari na Juni kwa dhamana ya mavuno yake na kwa riba anayoimudu, kisha malipo ya mnada yamfikie kwa siku, si kwa miezi. Pili, ushuru wa korosho ghafi urudi kwenye zao kwa sheria isiyobadilika kila bajeti: pembejeo, utafiti, na mitaji ya vikundi vya kubangua vijijini, ambamo wanawake wengi tayari wana ujuzi. Tatu, wenye viwanda wahakikishiwe korosho za kubangua mwaka mzima kabla meli hazijapakia bandarini Mtwara.

Makala zilizomo humu zinatoka kwenye kahawa, pamba na dagaa, na kote utaikuta hadithi hiyohiyo: anayezalisha hana fedha wakati wa shida, na thamani inaongezwa mbali naye. Msomaji, zisome ukiwa na swali moja la kumuuliza diwani wako, mbunge wako na viongozi wa ushirika wako: katika kila shilingi inayotokana na jasho letu, kiasi gani kinabaki kwetu, na nani aliamua hivyo?