MALEZI YA NYUMBANI: SIKU MOJA MIKUMI BILA TAABU



Likizo ya mwezi wa Juni inapokaribia, wako watoto wa Masasi na Newala wanaowaomba wazazi wao jambo moja: wapelekwe Mikumi wakatazame tembo na twiga. Ombi hilo si baya. Dini yetu yatuhimiza kuwatazama viumbe na kufikiri namna walivyoumbwa. Tena mtoto wa kusini amezoea kusikia kwamba tembo ni mharibifu wa mashamba, na simba ni mla watu, maana katika miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 simba waliwaua watu wengi katika Mkoa wa Lindi. Ni kheri mtoto awaone wanyama hao pia wakiwa kwao, wametulia, hawana ugomvi na mtu.

Lakini twajua jinsi safari nyingi za namna hii zinavyokwisha. Baba hurudi na deni, mama hurudi na maumivu ya mgongo, na watoto hurudi wamenuna. Aghalabu sababu yake ni tamaa ya kutaka kupata kila kitu kwa siku moja. Basi shauri langu la mwezi huu ni neno moja tu: punguzeni.

Tuanze na fedha. Riziki yetu wengi huja kwa minada ya korosho, tangu Oktoba hata Desemba, na Juni iko mbali. Anayetaka safari na atenge fungu lake siku ile ile anayolipwa, alikabidhi mahali pa amana. Fungu lisipotosha, safari ingoje mwaka mwingine. Asiwepo mtu wa kuuza korosho zake kwa kangomba, zingali maua mtini, ili apate nauli ya kwenda kutazama wanyama. Mtoto atafurahi siku moja, kisha Januari itakapofika atakosa sare na madaftari. Kadhalika ulizeni mapema kiingilio cha hifadhi, cha wakubwa na cha watoto, na namna ya kukilipa kwa benki au kwa simu, ili msije mkakwama langoni huku watoto wanaungua jua.

Jambo la pili ni njia. Kutoka Masasi hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, kwa kupitia Lindi na Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Mvua ikizidi, njia hiyo huharibika. Mwezi wa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata pale Somanga, abiria wakakwama. Kwa hiyo yafaa kungoja kiangazi, tangu Juni hata Oktoba, ambapo nyasi ni fupi na wanyama huonekana kwa urahisi. Mkifika Dar es Salaam, laleni. Kesho yake pandeni treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mpaka Morogoro mwezi wa Juni 2024. Ni mwendo mfupi, na watoto watauhesabu kuwa sehemu ya furaha yao. Laleni tena Morogoro, kwa jamaa kama mnao. Familia mbili au tatu zikodi gari moja, na gharama itakuwa nyepesi. Mtoto aliyetolewa katika basi la mchana kutwa akatiwa moja kwa moja katika gari la hifadhi hatatazama kitu, atasinzia.

Sasa siku yenyewe. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Hapana familia iwezayo kulimaliza kwa siku moja, basi msijaribu. Chagueni mahali pawili tu: mbuga ya Mkata, wanapolisha pundamilia, nyumbu, nyati na twiga, na bwawa la viboko. Ondokeni Morogoro mara baada ya sala ya Alfajiri, mwingie hifadhini jua lingali dogo. Adhuhuri wanyama hujificha kivulini na watoto hulia kwa joto; wakati huo ni wa kupumzika au kurudi. Na msipomwona simba, msimsumbue dereva azunguke mpaka jioni. Simba hakuahidiana na mtu.

Tena kuna haki ya mama, ambayo wengi wetu twaisahau. Haifai watu wote waende kustarehe, naye aende kupika na kufua mahali pengine. Pilau ya usiku kucha na iachwe kwa siku ya harusi. Chukueni mihogo ya kuchemsha, mayai, mikate ya kumimina, machungwa na korosho za kukaanga, vyatosha. Maji na yabebwe na baba na vijana wa kiume. Watu wa Newala hawahitaji kufundishwa thamani ya maji, kwani bibi zao waliyateka mabondeni wakapanda nayo mlima kichwani. Binti mkubwa apewe mtoto mmoja wa kumwangalia, na kaka yake apewe mwingine. Vyakula vitiwe katika vikapu vyenye vifuniko, maana nyani hawaombi ruhusa, na mifuko ya plastiki imekatazwa nchini tangu Juni 1, 2019.

Juu ya sala pasiwe na wasiwasi. Aliyetoka Masasi au Newala akafika huko ni msafiri, na sheria imemfanyia wepesi: aweza kufupisha Adhuhuri na Alasiri na kuzikusanya pamoja. Chukueni dumu la maji ya kutawadha na mikeka miwili, mkasali pale panaporuhusiwa kushuka. Popote pengine haifai kushuka garini, hata kwa sala. Kuilinda roho ni wajibu.

Na adabu za mahali zifundishwe nyumbani kabla ya safari. Hairuhusiwi kuwalisha wanyama, kuwatupia kitu, kupiga honi wala kupiga kelele. Tuko wageni wao, na mgeni hamchokozi mwenyeji.

Kabla ya safari hiyo kubwa, fanyeni ndogo ya majaribio. Watu wa Masasi waende Newala, penye Shimo la Mungu, ambapo uwanda wa Makonde wakatika ghafula na bonde la Ruvuma laonekana chini mbali sana. Washikeni watoto mikono pale ukingoni. Siku hiyo mtajua nani hutapika garini, nani hana subira ya njaa, na kikapu gani kilikuwa kizito bure. Hayo ni bora kuyajua karibu na nyumbani kuliko kuyajua njiani Kilwa. Watu wa Newala nao waende Masasi wakatazame milima ya mawe.

Na yule ambaye mwaka huu hana uwezo asione haya mbele ya wanawe. Mtoto hukumbuka zaidi kwamba baba yake alikaa naye mchana mzima, akamjibu maswali yake bila ukali, na mama yake alicheka. Hayo yapatikana Mikumi, na yapatikana vile vile chini ya mkorosho wa nyumbani kwa bei ya chungwa moja.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu, na awarudishe wasafiri wetu salama. Wassalaamu alaykum.