Kumficha Dereva Mlevi Si Sitara



Gauni tunalishughulikia miezi mitatu kabla ya harusi. Mpaka hina na piko tunaweka miadi mapema. Dereva wa kumbeba biharusi je? "Yupo binamu yake bwana harusi, ataendesha." Usiku wa jana alikesha wapi na alikunywa nini, hatuulizi. Tunanusa harufu, tunatazamana, tunapanda. Eti tumsitiri, tusimwaibishe mbele ya wakwe.

Hilo tunalipinga. Sitara ni kwa dhambi ya mtu na Mola wake. Mlevi akishika usukani, anahatarisha roho ya biharusi, ya somo wake, ya watoto waliobanana nyuma na ya mpanda baskeli asiyejua lolote. Kumnyamazia ni kumsaidia.

Wengine husema, "Kaonja tu, hata sheria inaruhusu kidogo." Kule Bara, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imeweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo kisizidi 50, na kwa madereva vijana 20. Lakini kikomo hicho ni cha kumpeleka mtu mahakamani. Sisi Waislamu tumeshafundishwa kwamba kitu kikilewesha kwa wingi, hata kidogo chake ni haramu. Wala kahawa chungu au kuoga maji baridi hakuondoi pombe. Ini ndilo linaloiondoa, tena polepole, kwa hiyo aliyekunywa hadi usiku wa manane anaweza kuamka nayo bado kwenye damu.

Na akigonga mtu, wazee huja na lao: "Tuyamalize kinyumbani." Aliyevunjika mguu anapewa pole na nauli ya hospitali, kijana anarudishiwa ufunguo. Halafu tunalalamika kwamba sheria haifanyi kazi, na sisi ndio tuliomzuia jirani asiende polisi!

Dada zetu, dereva atafutwe siku ile ile anayotafutwa fundi wa gauni, awe mtu tunayeijua tabia yake. Ukinusa pombe, mteremshe biharusi, ita gari jingine, na aliyelewa anyang'anywe ufunguo, awe kaka au shemeji. Kuchelewa ukumbini kutasemwa siku mbili tu. Allah atulindie mabiharusi wetu. Amin.