Nani aliulizwa? Orodha zinazotupima na viwanda vinavyoziandika

Wandugu vijana wa Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, Bukavu, na ninyi wote wenye munatusoma kwa simu mukiwa ku kazi ao ku chuo,

Kila mara serikali inapogusa kodi ya makampuni ya migodi, tunasikia wimbo ule ule ku redio na ku televisheni: “Muangalie muzuri, bawekezaji batakimbia.” Mwenye kuimba amevaa karavati na ana namba mukononi. Kongo ni ya ngapi duniani kwa mazingira ya biashara, ya ngapi kwa uhuru wa uchumi, ya ngapi kwa kuvutia migodi. Namba ikishasomwa, mjadala umekwisha. Mwandishi wa habari haulizi tena, mbunge naye ananyamaza. Sisi tunauliza: ile namba ilipikwa mu jiko gani, na nani alilipa makala?

Tuchukue moja tu. Kuko taasisi yenye kuitwa Fraser Institute, huko Vancouver, Kanada. Ilianzishwa mwaka 1974 ili kutetea soko huria: kodi ndogo, serikali ndogo, sheria chache juu ya makampuni. Kuwa na mawazo hayo si kosa, kila mtu ana haki yake. Tangu miaka ya 1990 inatoa kila mwaka uchunguzi juu ya migodi ya dunia, na Kongo yetu imo. Kwa upande wa siasa za migodi, si mara moja tumejikuta karibu na mukia.

Sasa sikilizeni namna inavyofanywa. Wanatuma maulizo kwa wakubwa wa makampuni ya migodi na ya utafutaji wa madini. Wanatumiwa watu kama elfu mbili hivi ao zaidi, wanajibu mia chache, na hao wanagawanyika juu ya nchi na majimbo mengi. Katika matoleo ya miaka hii ya karibuni, nchi inaweza kuingia kwenye orodha kwa majibu ya watu watano. Wakiwa kati ya 5 na 9, wanaweka kanyota kadogo pembeni ya jina. Kanyota kanabaki mu kitabu huko Vancouver. Chenye kinafika Kinshasa ni namba peke yake.

Na maulizo yenyewe? Mkubwa wa kampuni anaulizwa kama kodi za nchi zinamvutia ao zinamfukuza. Anaulizwa vilevile juu ya sheria za mazingira, sheria za kazi, mabishano ya ardhi, maeneo yenye kulindwa, na masharti ya maendeleo ya jamii. Soma tena hilo la mwisho. Kijiji cha Lualaba kikikaza kamba mpaka kampuni ijenge shule na itoboe kisima, ule ushindi wa raia unaweza kuhesabiwa huko kama “kizuizi”. Kama vile kumuuliza mupangaji peke yake kama bei ya nyumba ni muzuri, kisha kumwambia mwenye nyumba: dunia nzima imeona wewe ni mubaya!

Hatusemi wanadanganya. Kitabu chao kinaeleza wazi kwamba wanapima maoni ya wakubwa wa migodi, na ni kweli wanapima hayo. Uongo unaingia njiani, pale maoni ya wakubwa wa migodi yanapovaa koti la sayansi na kuitwa “hali ya Kongo”.

Hii kazi haikuzaliwa jana. Mwaka 1945 Mwingereza mmoja, Antony Fisher, alimwendea mwanauchumi Friedrich Hayek akisema anataka kuingia mu siasa. Hayek akamkataza: bakia inje ya siasa, tafuta watu wenye kusambaza mawazo, yaani walimu, waandishi wa habari, wenye kuandika vitabu. Fisher akaenda kufuga kuku kwa mashine, akapata utajiri, na mwaka 1955 akaanzisha ku London taasisi yenye kuitwa Institute of Economic Affairs. Hawakupiga kampeni wala hawakuandamana. Waliandika vitabu vidogo, vyepesi kusoma, wakavipeleka vyuoni na ku magazeti, mwaka kwa mwaka. Miaka 24 baadaye, mu 1979, Margaret Thatcher akachukua uongozi akiwa na mawazo yale yale, na yeye mwenyewe aliwashukuru. Huyo Fisher ndiye alikwenda pia Vancouver kusaidia Fraser ilipokuwa bado changa, na mwaka 1981 akaanzisha Atlas huko Marekani, kwa kuzalisha taasisi za namna hiyo. Leo Atlas inahesabu washirika karibu 500, katika nchi karibu 100. Muone vile vifaranga vimekuwa vingi.

Huko Marekani, Heritage Foundation ilifanya tofauti kidogo: haikungoja. Ronald Reagan alipoingia ikulu mu Januari 1981, walimkuta na kitabu kikubwa cha kurasa zaidi ya elfu moja chenye kusema kila wizara ifanye nini. Muwaziri mupya hajui hata mlango wa ofisi yake, na tayari kuna mtu amemuandikia programu. Nani angekataa?

Na pesa? Hapo ndipo midomo inafungwa. Institute of Economic Affairs ilipokea pesa za British American Tobacco na za BP, hiyo imekwisha kutoka inje. Lakini orodha kamili ya watoaji wake haitangazi, inasema ni siri yao. Mtu anaweza kuongea ku televisheni juu ya kodi ya sigara, chini ya jina lake wakaandika “mtaalamu”, na muangaliaji asijue nani ananunua mafuta ya motokari yake.

Mara moja mawazo hayo yalijaribiwa bila breki. Septemba 2022, waziri mkuu Liz Truss, rafiki wa muda mrefu wa taasisi hizo za London, alitangaza kupunguza kodi kwa pauni bilioni 45 bila kuonyesha pesa ya kuziba shimo. Mu siku chache pauni ikaanguka vibaya, benki kuu ikalazimika kuingilia ili kuokoa mifuko ya pensheni, na Oktoba 20 akatangaza kuacha kazi. Wenye kukimbia siku zile walikuwa wafanyabiashara wa soko lenyewe, lile soko huria!

Turudi kwetu. Machi 2018 wakubwa wa makampuni walipanda ndege mpaka Kinshasa, wakakaa na raisi Kabila kwa masaa mengi ili kuzuia sheria mupya ya migodi. Wimbo ulikuwa ule ule. Sheria ikatiwa sahihi mu siku chache. Redevansi, ile sehemu ya bei ya mauzo yenye kampuni inalipa, ilipanda kutoka 2% hadi 3.5% kwa shaba, na kobalti ikawekwa ku 10% kama madini ya kimkakati. Je, walikimbia? Mwaka 2018 Kongo ilitoa shaba karibu tani milioni 1.2. Mwaka 2023 ilizidi milioni 2.5. Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, ilianza kutoa shaba mu 2021, na mkubwa wake alikuwa ndani ya kile kikao cha kulalamika.

Kuna jambo moja hawa watu wa soko huria wanasema kweli, na hatutalificha: mu Kongo kodi ni nyingi mno na tracasseries zinaua biashara. Ndiyo! Lakini muulize nani anazibeba. Mama mwenye kuuza fretini ku Kadutu analipa tiketi ya asubuhi, usafi, barrière, na ule “mwenye anapita tu”. Mwenye kuendesha mota vilevile. Hao ni wafanyabiashara huru kabisa, na maulizo ya Vancouver hayajawahi kufika ku meza ya mama huyo. Kama soko huria lingekuwa kweli shida yao, wangeanzia kwake.

Kwa hiyo tunadai. Wizara ya migodi, kila mara inapobadilisha kodi, itangaze ni makampuni gani na taasisi gani ziliitwa ku meza, na karatasi zenye zilileta. Waandishi wa habari, mukialika “mtaalamu”, mumuulize hewani nani anamulipa. Nasi pia mutuulize, daftari letu la michango liko wazi.

Na ninyi wandugu wa miji ya migodi: sheria inapeleka 25% ya redevansi ku jimbo na 15% ku komini, mji ao sekta pale mgodi uko. Muende na barua, wawili wawili, kwa utulivu, muulize mwaka jana ziliingia ngapi na zilijenga nini. Muweke sahihi ya mapokezi ku kopi yenu na mutupigie picha. Jibu likitoka tutalitangaza hapa, na barua yenye haikujibiwa tutaitangaza pia, pamoja na jina la ofisi na idadi ya siku.