UKURASA WA WATOTO: NYUKI ATOBOAYE BORITI

Watoto, katika vitabu vya Ulaya huenda mmeona picha ya nyuki mnene mwenye manyoya mengi. Malkia wake hulala peke yake ardhini majira ya baridi, na joto lirudipo huamka akaanzisha mji mpya. Nyuki huyo hana asili katika nchi zetu zilizo kusini ya Sahara. Lakini tunaye afananaye naye: nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao, avumaye kwa sauti nzito penye mapaa na nyua za Kibera na Kawangware.

Jike hutafuta boriti, nguzo au mti mkavu, akatoboa kwa meno yake tundu la duara kama unene wa kidole. Hali mbao, unga wake huuangusha chini, nanyi huuona kama unga wa msumeno. Ndani huchimba njia ndefu. Kisha huleta chavua, yaani unga wa maua, akaikanda kwa maji matamu ya maua iwe donge. Juu ya donge hutaga yai moja, akaziba kwa ukuta wa unga wa mbao. Ndipo aanzapo chumba cha pili, na cha tatu.

Yai huanguliwa, akatoka funza mweupe. Funza hula posho yake yote, kisha hutulia pasipo kula, huku miguu na mabawa yakiumbika. Mwisho hutoka nyuki kamili.

Msimwogope. Dume hana mwiba, ijapokuwa huvuma mbele ya uso wa mtu. Jike anao, lakini ni nadra kuuma asiposhikwa.

Sasa neno kwa wazazi. Wengine humimina mafuta ya taa katika matundu hayo. Yafaa kufikiri kwanza. Pasheni ya manjano haizai vema mpaka iletewe chavua ya mmea mwingine, na ua lake ni kubwa mno kwa nyuki wa asali. Huyu mkubwa huligusa kwa mgongo wake. Ua la nyanya naye hulishika na kulitikisa kwa mvumo hata chavua imwagike, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi.

Basi, boriti za nyumba zipakwe rangi, maana mbao tupu ndizo azipendazo. Na kando ya shamba yaachwe magogo makavu machache, apate kwake. Amwuaye mfanyakazi asiyedai mshahara hujipunguzia mavuno mwenyewe.