Vitabu vya Watoto si Fasihi?

Majuzi hapa Jamhuri nilimkuta mpwa wangu akicheka peke yake na Moses, kitabu cha Barbara Kimenye. Mgeni wangu, mwalimu, akamwambia aache utoto asome fasihi. Nilinyamaza, sasa najuta. Kimenye huyo huyo ndiye aliyewaandikia watu wazima Kalasanda, mwaka 1965. Kalamu ni ile ile, mzaha ni ule ule. Ila mtu mzima huvumilia ukurasa mzito akidhani ndiyo hekima (hata mimi). Mtoto ukimchosha anakwenda zake kucheza mpira. Ndugu msomaji, mimi namweka Moses mbele. Mpwa wangu amekwisha kumrudia mara tatu. Mwalimu hajamgusa.